Daftari la Ahadi: Mwendelezaji Aitwe Ajieleze Kila Mwaka

Kila mji unaokua una kibao chake. Kinasimama mbele ya uzio wa mabati, na maandishi yake hufuata mpangilio uleule: jina la mradi, mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Kwenye mabati yenyewe hubandikwa picha kubwa ya ghorofa la vioo, bustani, na watoto wawili wakikimbia kwenye nyasi ambazo mtaa huo haujawahi kuziona. Miezi sita ya kwanza picha inang'aa. Kufika mwaka wa tatu jua limekwisha kuila, watoto wamebaki vivuli, na juu ya mstari wa tarehe ya kumaliza mtu amebandika tangazo la chumba cha kupangisha.

Mwandishi wa safu hii ana tabia ya kusoma vibao hivyo kila daladala inapokwama kwenye foleni. Kinachomkera si ucheleweshaji. Ujenzi huchelewa kote duniani: mvua hunyesha, saruji hupanda bei, benki hubadili mawazo. Kinachomkera ni kwamba tarehe hupita na hakuna anayeulizwa. Mpangaji akichelewesha kodi siku tano hugongewa mlango. Mfanyabiashara wa genge asipolipa ushuru wa leo, meza yake inapakiwa kwenye gari la mgambo. Lakini aliyeahidi mtaa barabara ya lami, kisima na uwanja wa watoto ili apewe kibali cha kupandisha ghorofa, nani humgongea?

Hoja ya makala hii ni fupi. Jiji likimpa mwendelezaji ardhi, kibali au upendeleo wa miaka mingi, limwite kila mwaka, hadharani, athibitishe yeye mwenyewe kwamba ametimiza aliyoahidi. Isiwe kazi ya jiji kumwinda. Yeye ndiye alete ushahidi, na asipouleta pawepo na kitu kitakachompata.

Wazo hili limo katika sheria ya California, Marekani, tangu mwaka 1979. Limekwisha kufaulu, na nchini humo humo limekwisha kupuuzwa, kiasi cha kumpa mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi funzo la pande zote mbili.

Sheria iliyozaliwa kumlinda tajiri

Ajabu ya kwanza ni kwamba walioipigania sheria hiyo walikuwa wajenzi, si wakazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni iitwayo Avco ilikuwa inaendeleza maelfu ya ekari huko Orange County, kusini mwa Los Angeles. Ilikwisha kupima viwanja, kusawazisha ardhi na kuweka miundombinu, na kutumia zaidi ya dola milioni 2. Kilichokosekana ni kimoja tu: kibali cha kujenga majengo yenyewe. Mwaka 1972 wapiga kura wa California wakapitisha sheria ya kulinda pwani, na kampuni ikajikuta inatakiwa kuomba ruhusa upya kwa tume iliyoundwa juzijuzi. Ikakimbilia mahakamani, ikidai kwamba haki yake ilikwisha kukomaa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaijibu kwamba bila kibali cha ujenzi mkononi, fedha ilizozika ardhini haziizuii serikali kubadili kanuni.

Wajenzi walitetemeka, na si bila sababu. Nani atakopa benki kwa mradi wa miaka 15 ikiwa baraza jipya la madiwani linaweza kuamka asubuhi na kuugeuza uwanja wako kuwa hifadhi ya ndege? Bunge la jimbo likawasikia. Sheria ya 1979 ikaruhusu mji au kaunti kusaini mkataba wa uendelezaji, na kanuni zilizokuwepo siku ya kusaini zikabaki zilezile kwa mradi huo, hata kama mipango ya jiji itabadilika baadaye. Mikataba mingine hudumu miaka 10, mingine 20, mingine 30. Diwani atakayechaguliwa miaka kumi baadaye, hata akija na kura zote za mtaa, atakuta mikono yake imefungwa kwa karatasi iliyosainiwa wakati yeye bado yuko sekondari.

Huo ni upendeleo mkubwa, na bunge liliutoza bei. Miezi 12 isipite bila mkataba kupitiwa, na katika mapitio hayo mwendelezaji ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ametekeleza masharti kwa nia njema. Jiji likikuta, kwa ushahidi wa kutosha, kwamba hakufanya hivyo, linaweza kuubadili mkataba au kuuvunja.

Hapo kwenye neno "kuonyesha" ndipo uzito wote ulipo. Kwetu mambo huenda kinyume: mkazi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakujengewa. Ataambiwa alete nakala ya mkataba ambao hajawahi kuuona, aandike barua kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha asubiri majibu ya ofisa ambaye amekwisha kuhamishwa. Wazee waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wanawaza duka. Ahadi nayo ni mali. Mtaa ulioachia kiwanja cha mpira ili jengo lipande umenunua kitu, na haukupewa hata risiti.

Ahadi huenda kulala safu ya tatu

Taarifa ya mapitio ya mwaka si maandishi ya kumkosesha mtu usingizi. Ni jedwali, na sharti moja hushika mstari mmoja. Santa Monica, mji wa pwani wenye wakazi takriban 90,000 tu, umesaini mikataba mingi ya aina hii, na masharti yake hushuka hadi kwenye mambo ambayo mtu angedhani ni ya mama mwenye nyumba: uwanja ulio kati ya majengo uwe wazi kwa umma saa ngapi, nyumba ngapi zipangishwe kwa wenye kipato cha chini, wafanyakazi wahimizwe vipi kuja kazini bila kila mmoja kuleta gari lake.

Yako majibu ya aina tatu, kila moja na safu yake: sharti limetekelezwa, halijatekelezwa, au halijafika wakati wake. Msomaji wa mara ya kwanza hukimbilia safu ya pili kutafuta mwizi. Mzoefu huanza na ya tatu.

Sababu ni hii. Mikataba mingi haitaji tarehe, inataja zamu. Shule itajengwa jengo la nne likikamilika. Bustani itafunguliwa nyumba ya 500 ikishapata mpangaji. Inasikika haki, maana mjenzi anahitaji kuuza kwanza ndipo apate fedha za kujengea shule. Sasa chukua mwendelezaji mjanja, au tu mwenye bahati mbaya, akajenga majengo matatu yenye faida akaishia hapo. Amevunja nini? Hakuna. Shule haijafika wakati wake, na haitafika. Watoto wa mtaa wataendelea kuvuka barabara kuu kwenda shule ya mbali, na kila mwaka taarifa itasema mkataba uko salama salimini.

San Francisco ina mfano wa namna hiyo uitwao Parkmerced, mtaa mkubwa wa wapangaji kusini-magharibi mwa jiji. Mwaka 2011 baraza la jiji liliuidhinisha mpango wa miaka 30 kwa kura 6 dhidi ya 5: zaidi ya nyumba 1,500 zibomolewe, wapangaji wake wapewe nyumba mpya kwa kodi ileile, na jumla ya nyumba ifike takriban 8,900. Kikao kilikuwa cha moto, wapangaji wakihofia kwamba ahadi ya kodi haitashika mahakamani. Zaidi ya miaka 10 ikapita na majengo ya zamani yakawa bado yamesimama. Ukilipeleka jambo hilo kwenye jedwali, hakuna kilichobomolewa, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mama aliyeambiwa mwaka 2011 kwamba jengo lake litaangushwa ameishi muda wote huo akijiuliza kama anunue pazia jipya au aache. Hilo halina safu.

Lakini katika jiji hilohilo uko mfano wa pili, na safu hii inaupenda zaidi. Kwenye Barabara ya Market palikuwa na Trinity Plaza, hoteli ya zamani ya wenye magari iliyogeuzwa kuwa nyumba za kupanga za watu wa kawaida. Mwaka 2003 mwenye mali, Angelo Sangiacomo, alitangaza nia ya kubomoa. Wapangaji, wengi wao wazee na wahamiaji, wakajipanga, wakakesha kwenye vikao, wakabana. Mkataba ulioidhinishwa mwaka 2007 ulimruhusu kujenga nyumba 1,900, na humo nyumba 360 zibaki chini ya udhibiti wa kodi kuchukua nafasi ya zile za zamani.

Uzuri wake ni mpangilio wa kazi. Mnara wa kwanza ulijengwa kando, kwenye eneo la maegesho, huku watu wakiendelea kuishi kwenye jengo lao. Ulipofunguliwa mwaka 2010, wapangaji walibeba vyombo vyao wakavuka kiwanja. Baada ya hapo ndipo nyundo zikaingia kwenye jengo la zamani. Ahadi ililipwa kwanza, faida ikafuata. Mkataba wa namna hiyo hata mkaguzi mvivu anaumudu, maana anachotakiwa kuuliza ni swali moja tu: jengo jipya lina watu ndani au halina? Wanasheria wetu wanaopenda vifungu vya kurasa 80 wangelitembelea jengo hilo kabla ya kuchomoa kalamu.

Brooklyn: ukaguzi ulioachwa kwenye karatasi

Kwa nini basi mkazo uwekwe kwenye mwaka na hadhara, wakati mkataba mzuri unatosha? Jibu liko New York, kwenye ekari 22 za Brooklyn.

Desemba 2003 kampuni ya Forest City Ratner ilitangaza mradi wa Atlantic Yards: uwanja wa mpira wa kikapu na minara 16 kuuzunguka, mingine ikae juu ya yadi ya treni. Msanifu alikuwa Frank Gehry mwenye jina lake. Umma uliambiwa kazi yote ni ya miaka 10. Mpango ulioidhinishwa baadaye ulikuwa na nyumba 6,430, na kati yake 2,250 za bei nafuu. Hizo 2,250 ndizo zilizoufungulia mradi milango, maana Brooklyn kodi ilikuwa inapanda kama maji ya bamvua, na mtu anayeona familia za ukoo wake zikihamishwa moja moja hawezi kupinga neno "bei nafuu."

Mwaka 2005 ukasainiwa pia mkataba wa manufaa ya jamii kati ya mwendelezaji na vikundi vinane. Wazo lilitoka Los Angeles, ambako mwaka 2001 wakazi wa jirani na ukumbi wa Staples Center waliungana na vyama vya wafanyakazi wakapata ahadi za maandishi: lengo la asilimia 70 ya ajira zenye ujira wa kujikimu, asilimia 20 ya nyumba ziwe za bei nafuu, dola milioni 1 kwa viwanja vya wazi. Brooklyn iliazima jina, na sura ya ndani ikabadilika. Baadhi ya vile vikundi vinane vilikuwa vimezaliwa juzi, na vikapokea fedha za yuleyule ambaye vilitakiwa kumbana. Mkataba ulitaja msimamizi huru wa kufuatilia utekelezaji, atakayelipwa na mwendelezaji.

Msimamizi huyo hakuajiriwa kamwe.

Hakukuwa na wa kulijaza lile jedwali, na ambaye angelalamika alikuwa ameshika bahasha. Septemba 2012 uwanja wa kikapu, ulioitwa Barclays Center, ukafunguliwa kwa matamasha ya Jay-Z, taa zikawaka, timu ikahamia. Nyumba za bei nafuu zilizokuwa zimekamilika siku hiyo zilikuwa sifuri. Mnara wa kwanza wa makazi ulikuwa bado haujaanza.

Mambo yalipokwenda mahakamani na mezani, mwaka 2014 mashirika ya wakazi yakapata kitu ambacho mkataba wa kwanza haukuwa nacho: tarehe. Nyumba zote 2,250 ziwe tayari ifikapo 31 Mei 2025. Kila nyumba itakayopungua, mwendelezaji alipe dola 2,000 kwa mwezi hadi aikamilishe. Hiyo ni lugha ambayo hata mwenye kioski anaielewa. Haina "nia njema" wala "jitihada stahiki." Hesabu tu.

Siku ikafika. Zilikuwa zimejengwa nyumba 1,374 za bei nafuu, zikapungua 876. Piga mara 2,000: dola 1,752,000 kila mwezi. Ilitakiwa Juni 2025 iwe mwezi wa kwanza wa kulipa.

Wakala wa maendeleo wa jimbo, mwenye mamlaka ya kudai, hakudai. Maelezo yake hayakuwa ya kipuuzi. Kampuni ya Kichina ya Greenland, iliyokuwa imenunua sehemu kubwa ya mradi, ilikuwa imeshindwa kulipa mikopo ya karibu dola milioni 350, na waliobaki mezani walikuwa wanatafuta mwendelezaji mpya wa kuuokoa. Mbane aliyefilisika, ilisemwa, utaishia mahakamani miaka mingine mitano, na yule mpya atakimbia. Huenda ni kweli. Lakini hayo yote yalionekana yakija. Deni halikuota usiku wa 30 Mei. Kama kila mwaka tangu 2014 mwendelezaji angesimamishwa mbele ya watu kuonyesha amefika wapi, na kuweka dhamana ya fedha kulingana na pengo lililobaki, tarehe ya mwisho isingewakuta wakuu wa jimbo wakipima kati ya faini isiyolipika na huruma isiyo na malipo.

Nyumba 876 si tarakimu ya gazeti. Ni kaya 876 ambazo mwezi huo zililipa kodi ya soko, au zilihamia mbali na kuongeza saa mbili za treni kwenda kazini, au zilibaki watu sita ndani ya vyumba viwili. Dola 2,000 kwa mwezi zilikusudiwa kuwa kipimo cha maumivu hayo. Mjenzi alipoondolewa mzigo, haukuyeyuka. Ulibaki kwenye mabega yaleyale.

"Mtawafukuza wawekezaji"

Kila hoja hii inapotajwa, jibu huja kabla sentensi haijaisha. Mwekezaji ni kuku mwoga, ukimsogelea anaruka. Mwite kila mwaka kwenye kikao cha kelele, ataenda kujenga nchi jirani.

Ngoja kwanza. California ina sheria hii tangu 1979. Je, wajenzi wameikimbia California? Wanaigombania. Wanaulalamikia urasimu wake kila siku na bado hawaondoki, kwa sababu kinachomtisha mwenye fedha ni kutojua. Mapitio yanayojulikana siku, yanayojulikana fomu, yanayouliza masharti yaleyale yaliyosainiwa, hayana cha kumshtukiza mtu mwenye mikono safi. Kinachomshtukiza ni ofisa anayeibuka mwezi wa tisa na "maelekezo kutoka juu," ambayo dawa yake inajulikana na haiandikwi kwenye taarifa yoyote.

Iko hoja nyingine nzito zaidi, nayo wachumi huitoa kwa heshima: masharti mengi hupandisha gharama, na gharama humfuata mnunuzi. Hapo wana ukweli. Jiji linalomdai mjenzi sanamu, chemchemi, bustani juu ya paa na mafunzo ya muziki litaishia kupata nyumba chache na ghali. Lakini hiyo ni hoja ya kuahidi machache, si ya kuacha kuulizia yaliyoahidiwa. Afadhali masharti manne yanayokaguliwa kuliko 40 yanayosomwa siku ya uzinduzi tu, baina ya ngoma za asili na soda.

Na tusiwaonee wajenzi peke yao. Ziko taarifa ambazo jiji lenyewe halizitaki. Mapitio ya kweli hufichua pia ahadi za upande wa pili: bomba la maji ambalo mamlaka ilisema litafika kiwanjani, barabara ambayo halmashauri ingeifungua, kibali kilichokaa mezani miezi 14. Mwendelezaji akipewa kipaza sauti kila mwaka, atayasema hayo. Pengine ndiyo sababu vikao vya namna hiyo havina mashabiki wengi maofisini.

Mgodi unaulizwa, ghorofa je?

Msomaji anaweza kudhani tunazungumzia desturi za mbali. Si kweli kabisa. Tanzania ilipoirekebisha Sheria ya Madini mwaka 2017, kifungu cha 105 kilimtaka mwenye leseni aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii kila mwaka, akubaliane na halmashauri ya eneo lake, na halmashauri isimamie utekelezaji. Kila mwaka! Kenya nayo, kwa Sheria ya Madini ya 2016, inawataka wenye migodi mikubwa wasaini mkataba wa maendeleo na jamii inayowazunguka. Kwa hiyo diwani wa Geita ana kalenda ya kumuuliza mchimba dhahabu kuhusu madawati na zahanati. Mwenzake wa mjini, mwenye mnara unaofunga jua la kata nzima, hana kifungu hicho cha kushika.

Chukua Pangani, Nairobi. Ujenzi ulipoanza mwaka 2020 katika mpango wa kaunti wa kufufua mitaa ya zamani, kaya 48 za wapangaji wa zamani zilikuwa zimehama kwa ahadi ya kupewa nyumba ndani ya mradi mpya wa nyumba 1,562. Mtu akiwaza Trinity Plaza hawezi kukosa kuona tofauti: huku watu walitoka kwanza, jengo likafuata. Kwa miaka yote waliyokuwa nje, silaha ya kaya hizo ilikuwa barua na kumbukumbu ya nani alisema nini kwenye mkutano gani. Kikao cha kila mwaka, chenye jedwali lenye mistari 48, kingewagharimu kaunti na mjenzi nini? Asubuhi moja na kurasa tatu.

Au Kigamboni, ambako kuanzia 2008 serikali yenyewe ndiyo ilikuwa mwenye ndoto. Mji mpya ulitangazwa, ramani zikaonyeshwa, wakazi wakazuiwa kuendeleza viwanja vyao. Miaka ikasogea. Mtu mwenye msingi wa nyumba hakuruhusiwa kupandisha tofali, na asiyeruhusiwa kupandisha tofali hakopesheki, hauzi kwa bei ya maana, na harithishi kitu kinachoeleweka. Hao hawakuhitaji fidia tu. Walihitaji mtu asimame mbele yao kila Januari na kusema: tumefika hapa, tumekwama pale, mwaka huu endeleeni au msiendelee. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya kaya, si ya wizara.

Utaratibu wa kuanzia hauhitaji bunge kukaa usiku. Halmashauri inapotoa kibali cha mradi mkubwa wenye ahadi kwa jamii, ahadi hizo ziandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, kila moja na tarehe yake, siyo zamu. Ukurasa huo ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, pale penye orodha ya wapiga kura na tangazo la chanjo. Kila mwaka mwendelezaji aje na picha, risiti na majina ya mafundi wa mtaa aliowaajiri. Aje mwenyewe au amtume mwenye uwezo wa kusaini, asitume kijana wa mapokezi. Na kiasi cha fedha kiwekwe benki tangu mwanzo, kirudishwe kidogo kidogo kila ahadi inapotimia, ili siku ya kudai pasiwe na haja ya kumtafuta mtu aliyefilisika.

Hata kikao kipo tayari. Mikutano ya hadhara ya vijiji na mitaa huitishwa, inapoitishwa, kila robo mwaka, na mapato na matumizi husomwa. Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki katika mkutano wa namna hiyo anajua mradi wa jirani hutajwa wapi. Hautajwi kwenye kufungua kikao, wala kwenye kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, wala kwenye taarifa ya ulinzi na usafi. Anasubiriwa mama mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye mvua ya juzi ilimwingizia maji ya kiwanja cha ujenzi hadi jikoni, aulize ule mfereji ulioahidiwa umefikia wapi. Anapopewa nafasi ni saa kumi na mbili kasoro, ajenda ni "Mengineyo," mwenyekiti anatazama saa, na vijana wameshaanza kukusanya viti.